Sauti ya Hamdiya Katika Chupa ya Chai

Haroub bin Mohammed bin Aidarus alizaliwa Mtoni, katika nyumba ambayo majirani waliweka amana zao tangu enzi za babu yake. Mzee Aidarus alitunza pete za wajane. Mohammed alitunza funguo za waliokwenda Hija. Hakuna aliyerudi akakuta pungufu.

Mshipa mkuu utokao moyoni mwa Haroub ulipovimba, daktari mpasuaji, Dokta Sekela, alimweleza taratibu. Moyo ungesimamishwa, mwili ungepozwa, kichwa kingezungushiwa barafu, na mrija mwembamba ungeendelea kupeleka damu kwenye ubongo tu.

"Akili yako tutailinda, mzee. Ila sauti za marehemu hazistahimili baridi. Kama unayo, iache nyumbani."

Alikuwa nayo moja, ya mkewe Hamdiya, iliyomwamsha kila alfajiri kwa swala. Akaikohoa ndani ya chupa ya chai, akakaza kifuniko, akamkabidhi mjukuu aliyebeba jina la Aidarus.

"Usiifungue."

"Babu, mie tena? Toa shaka."

Upasuaji ulikwenda vyema. Watu wasio na nasaba naye walisimama juu ya kichwa chake, wakakilinda mpaka mwili ulipopashwa moto tena. Haroub alizinduka akikumbuka aya zote alizohifadhi, mipaka ya kiwanja, hata jina la mwalimu wake wa hesabu.

Siku aliyorudi Mtoni, bajaji ilipita mbele ya nyumba ikipiga singeli. Katikati ya ngoma Hamdiya alikuwa akisema, "Haroub, amka, maji ya udhu yanapoa." Abiria walitikisa vichwa kufuata mdundo.

Chupa ilikuwa mezani, tupu, imeoshwa.

"Mshikaji wangu wa studio aliomba asikie kidogo tu," alisema Aidarus. "Lakini bibi anabamba, Babu. Mji mzima unamjua."

"Mji mzima haukumwoa."

Alfajiri iliyofuata Haroub aliamshwa na kengele ya simu. Baada ya swala aliwaita wajukuu wote mkekani, akaiweka chupa katikati yao.

"Wageni wameushika ubongo wangu, wakanirudishia mzima. Nyinyi, damu yangu, mmeshindwa kushika chupa."

Bajaji ikapita. Hamdiya akamwita mumewe, ngoma zikamfuata, na mguu wa Aidarus ukaanza kudunda mkekani.

"Mguu huo utulie," alisema Haroub. "Na aliyeziba masikio kwa vidude, avitoe. Nisikilizwe."