Ubongo wa Kavata

Daktari wa Thika alimweleza dada yangu Kavata, aliyekuwa amenenepa mno, kwamba mafuta ya mwilini hutoa homoni ya kuuambia ubongo tumeshiba. Ubongo wake ulikuwa hauisikii, na mazoezi yangeufungua masikio. Basi kila alfajiri tukawa tunakimbia kwenye barabara za mtaa wa Gitothua, mimi nyuma yake, roho juu.

Nguo zikaanza kumpwaya. Majirani wakanong'ona: ukimwi.

Jana mama mkwe wake alimjazia sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Kavata akaisukuma ikiwa nusu.

"Nimeshiba, mama."

"Wewe? Ushibe? Basi kweli unaumwa! Maliza, ama mwanangu Musembi akurudishe kwenu."

Kavata alikuwa tayari amesimama, akifunga kamba za raba.

"Kwetu ni hapo Murera tu, mama. Nitafika nikikimbia."