Mzee Fundi Ashika Mwendo

Wenzake kazini walimwita Mama Pole, kwa kuwa hata kiti akikigonga hukiambia pole. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wagonjwa majumbani, na kwa miezi minane mgonjwa wake alikuwa Mzee Fundi, mshona viatu aliyepigwa na kiharusi. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala. Maneno yalimpotea, akabakiwa na "eee" moja aliyoitumia kwa kila kitu. Mwanawe, mtu mzima aliyeishi naye, alishakata tamaa.

"Dada, usijichoshe kumweleza mambo," alizoea kusema. "Mzee yupo, lakini hayupo."

Mama Pole hakubisha. Yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Asubuhi hiyo alikuwa amemweka mzee kwenye kiti cha magurudumu katika ukumbi mwembamba, anamlisha mayai. Mwana alikuwa bafuni, amepanda kistuli, anahangaika na hita ya maji iliyogoma tangu juzi.

"Umezima umeme, kaka?"

"Nimezima swichi ya hapa. Inatosha."

Haikutosha. Kilisikika kishindo cha mtu mzima kuanguka, kisha kimya. Mama Pole alimwachia mzee kijiko, akakimbilia mlango wa bafu. Mwana alikuwa chali sakafuni, waya umelala juu ya kiganja chake. Mama Pole alinyoosha mkono amvute, kisha akaurudisha upesi. Mwalimu wa huduma ya kwanza, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, aliwakaririsha siku nzima kwenye mafunzo ya kazi: kata umeme kwanza, ndipo uguse. Swichi kubwa ilikuwa jikoni. Alikimbia, akaizima, na friji ikanyamaza.

Akarudi, akamwita, akamtikisa mabega. Akasogeza shavu karibu na mdomo wake, asihisi pumzi. Alipiga simu ya dharura, akaiweka chini ikiwa kwenye spika, akaeleza nyumba ilipo.

"Gari linatoka sasa hivi," alisema mwanamke wa upande wa pili. "Kandamiza kifua. Kwa nguvu na haraka. Usiache."

Bafu lilikuwa finyu. Akamshika mwana makwapani, akamburuta mpaka ukumbini, miguuni pa baba yake. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, akaanza kuhesabu kwa sauti. Thelathini, kisha pumzi mbili. Thelathini, pumzi mbili. Kwenye mafunzo walikandamiza sanamu la mpira, na sanamu halina uso wa mtu uliyesalimiana naye saa moja iliyopita. Mara ubavu ulilia kama kijiti kinachovunjika. "Pole, kaka," alisema, na hakuacha.

Mzunguko wa nane sauti ikamkauka. Mikono ikawa mizito, hesabu ikampotea, akawa anakandamiza ilimradi. Hapo akasikia chuma kikigongwa juu ya kichwa chake. Ko, ko, ko, ko.

Mzee Fundi alikuwa anagonga bomba la kiti chake kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto.

Kwanza Mama Pole alidhani amechanganyikiwa kwa hofu. Lakini mikono yake mwenyewe ilishaanza kuufuata mlio ule, na ulikuwa mwendo aliokuwa nao mwanzoni, alipokuwa bado na nguvu. Kisha ukakatika ghafla. Akasita. Akamtazama mzee, na mzee akamkazia macho, halafu akautazama mdomo wa mwanawe.

Thelathini. Alikuwa anahesabu.

Akapuliza pumzi mbili, kifua kikapanda na kushuka, na kijiko kikaanza tena.

Tangu hapo hakuhesabu tena. Alipolegea, mzee aligonga kwa nguvu zaidi, akimfokea "eee" kama fundi anayemfokea mwanagenzi mvivu. Miaka arobaini alipiga misumari kwenye soli za watu, na mkono ule, wa kushoto ambao hata haukuwa wa kazi, haukukosea hata mara moja. Machozi yalimtiririka mzee mpaka kidevuni, mkono ukiendelea kugonga.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika kumi na mbili. Wahudumu walimbandika mwana vibandiko kifuani, mashine ikaagiza wote wajitenge, ikamshtua. Mara ya pili moyo ukashika mwendo.

"Mlikuwa wangapi?" mmoja wao alimuuliza Mama Pole, aliyekuwa amekaa sakafuni hawezi kuinua mikono. "Peke yako usingeweza kuendelea mpaka sasa."

"Wawili."

"Mwenzako yuko wapi?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Mhudumu alimtazama mzee, akakitazama kijiko kilichopinda, akavua kofia. Aliinama, akaushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili.

Mwana alirudi nyumbani baada ya siku tisa, mbavu zimefungwa, kiganja kina bandeji. Akajikalisha taratibu mbele ya baba yake.

"Baba, wanasema ulinihesabia."

"Eee."

"Thelathini kila mara? Hukupitiliza?"

Mzee aligeuza uso ukutani, mabega yakaanza kutikisika. Mwana aliogopa, akamwita Mama Pole. Naye alipochungulia akaona kwamba mzee anacheka.

"Miezi minane nimekuwa nikikusema hapahapa mbele yako," mwana alisema.

Kesho yake Mama Pole alifika kazini kwa wakati wake. Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa wazi kama kawaida. Akasimama nje ya kizingiti, akanyoosha sare yake kama anayekwenda kuonana na mkubwa, akabisha hodi. Hakuwa amewahi kufanya hivyo katika nyumba ile. Akangoja.

"Eee," akajibiwa.

Akavua viatu, akaingia.