Hatua Elfu Ishirini na Moja

Jumatatu jioni, fundi cherehani alipoingia kuoga, mkewe aliokota kile kidude cha kuhesabu hatua pale mezani, akakibonyeza. Namba ikawaka: 21,306.

Akakirudisha vilevile kilivyokuwa, mkanda ukitazama ukutani, akaenda kuepua sufuria. Mume amerudi viatu havina hata chembe ya vumbi, shati kavu, maneno ni yaleyale ya kila siku: "Leo nimeinama kwenye cherehani mpaka shingo imekuwa mti. Sare za shule zitaniua." Sasa mtu aliyeinama kutwa nzima, hatua elfu ishirini na moja kazipigia wapi?

Kidude kilinunuliwa na wifi yake, dada wa fundi. Presha ya fundi ilikuwa imepanda, na muuguzi wa zahanati akamwambia atembee, akiweza akimbie kidogo, hatua elfu nane kwa siku. Baada ya miezi miwili arudi na hesabu yake, waamue kuhusu dawa. Kidude kilikuwa cha kuvaa mkononi kama saa, lakini mkononi kilikwaruza kitambaa na kuvuta nyuzi, ndipo fundi akakifunga mguu wa kulia, juu ya soksi. Kila mtu akaona ni akili.

Kazi ya kuandika namba kwenye daftari ilimwangukia mke. Fundi akambandika jina la Mkaguzi.

"Mkaguzi, leo tumefaulu?"

"Mmefaulu," alimjibu jioni hiyo. "Wewe na nani, sijui."

Fundi akacheka, akavuta sahani.

Daftari halikuwa na kicheko. Jumapili, siku ambayo mume alishinda nyumbani mbele ya macho yake, hatua mia tisa. Jumatatu mpaka Jumamosi, elfu kumi na nane, elfu ishirini, ishirini na moja. Yaani akiwa naye ni mvivu, akiwa mbali naye ni mkimbiaji.

Halafu wifi akaja kuazima kinu, akaketi, akashusha sauti.

"Wifi, mimi sipendi maneno. Lakini nisipokwambia mimi utaambiwa na watu baki. Wiki zile za mwanzo kaka alionekana kwa yule mama muuza vitambaa, pale kwenye kona. Kakaa ndani kabisa, nyuma ya majora, vifungo vya shati wazi, ananyweshwa maji."

"Labda alikwenda kununua kitambaa."

"Kitambaa kinanunuliwa vifungo wazi?"

Mke wa fundi akampa kinu. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alingoja Jumapili, fundi akiwa amelala usingizi wa mchana, akakifunga kidude mguuni mwake mwenyewe. Akaenda mpaka mlangoni pa chumba cha ushonaji, kilichokuwa kimefungwa, akasoma namba. Kutoka hapo akatembea mpaka kwenye kona ya vitambaa, akasoma tena. Tofauti, elfu tano na mia mbili. Kwenda na kurudi, elfu kumi na ushei. Mtu akienda mara mbili kwa siku, ni elfu ishirini na ushei. Hesabu ilikubali vizuri mno.

Jioni fundi alikitazama kidude, macho yakamtoka. "Jumapili hii elfu kumi na nne! Nani kanitembelea usingizini?"

"Labda ulikuwa unaota," mkewe akasema. "Na hiyo ndoto unaijua mwenyewe."

Jumatatu hakutaka tena kubahatisha. Ng'ambo ya barabara, ukitazama mlango wa chumba cha ushonaji, palikuwa na saluni. Akaingia mapema, akajifanya anasubiri kusukwa. Msusi alimwita mara tatu, na mara tatu akampisha mwingine. "Dada, umekuja kusuka au umekuja kupanga?" msusi akauliza. Wateja wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu, macho yakiwa palepale mlangoni.

Fundi hakutoka. Saa nne, yuko. Saa saba, anakula hukohuko, mgongo umepinda. Alisimama mara moja tu kwenda chooni. Saa kumi mke akavuka barabara.

"Shemeji!" Pindo, fundi mwenzake aliyeitwa hivyo kwa kuwa kazi yake ni kukunja pindo, akanyanyuka. "Karibu! Leo umekuja kutupima?"

Mke akampita. Alichuchumaa mguuni pa mumewe, akabonyeza. 19,874.

"Umekaa hapa tangu asubuhi. Nimekuona kwa macho yangu haya. Hizi hatua kazipiga nani?"

Fundi akaacha kushona. Kiatu chake kilikuwa bado juu ya pedali ya cherehani, na kwa mazoea, au kwa woga, mguu ukacheza. Chini, juu. Chini, juu. Namba ikabadilika palepale: 875, 876, 877.

Pindo akapasuka kicheko. Alipoona uso wa mwenzake akakinyamazisha, akajitia kutafuta mkasi.

Mke naye alitaka kucheka. Kifua kilikuwa kimeanza kumfunguka, ndipo akalikumbuka daftari.

"Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na mimi naandika tu."

"Unaandika kwa mwandiko mzuri."

"Fundi!"

Akashusha macho. "Siku ya tatu nilikimbia, asubuhi, kabla ya kufungua. Pale kwenye kona nikaona giza, nikaanguka chini. Watu wanapita pembeni, mmoja akasema, huyu kalewa mapema yote hii. Yule mama wa vitambaa ndiye aliyenikokota ndani, akanifungua vifungo, akaninywesha maji. Tangu siku ile, nikitaka kwenda matembezi mguu unakataa. Cherehani ikawa inaleta namba, nikasema basi, nimeokoka."

"Umeokoka nini? Muuguzi angekupa dawa ya mtu anayekimbia! Kesho asubuhi tunakwenda, na utamwambia ulianguka. Vua hicho."

Alikivua. Mkewe akakifunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa fundi, akamshika mkono huohuo, akamtoa nje. Hawakupita njia fupi ya nyumbani. Walikwenda polepole mpaka kwenye kona, na pale fundi akasimama kama aliyepigiliwa msumari. Mke akangoja. Hata sasa alikuwa anachungulia uso wa mwanamke aliyeketi kati ya majora.

Mama wa vitambaa akainua kichwa. "Heee! Fundi! Nikajua umekufa! Mtu namwokota barabarani, mwezi na nusu hajarudi hata kusema asante!"

Mke wa fundi akashusha pumzi aliyoibeba wiki nzima. "Asante, dada," akasema yeye. "Mimi ndiye mkewe."

Usiku ulipoanza kuingia, akafungua daftari. Akatoa namba ya pale kazini kwenye namba waliyofika nayo nyumbani, akaandika jibu: elfu kumi na moja na mia sita. Namba za nyuma hakuzifuta. Aliandika kando ya kila moja neno moja tu, cherehani.

Kisha wakakaa kula, na muda wote alikuwa akitazama chini ya meza, kuona kama mkono wenye kidude unatikisika.