Dawati la Mstari wa Mbele

Hakuna anayezijua mbao kunishinda mimi, ingawa mbao pekee niliyowahi kuimiliki ni ya kukatia vitunguu, nayo imepasuka. Basi tumfuate Kipimo, ambaye vumbi la mbao lilimwingia mpaka kwenye kope.

Walimwita Kipimo kwa sababu alipima kila kitu. Chumba chao cha kupanga alikigawa kwa futi kamba: hapa mke, hapa watoto, hapa jiko, na yeye alale ubavu. Alikaa bila kazi muda mrefu, hadi mwenye nyumba akaja kung'oa mlango, akisema wasio na kodi hawana cha kuibiwa. Wakalala na pazia. Ndipo Bosi wa karakana ya useremala akampa kuendesha mashine ya kuchonga, ile inayosoma mchoro kwenye kompyuta, kisu kikatembea chenyewe juu ya mbao bila kumuuliza mtu. Mlango ukarudi.

Siku moja zikashushwa mbao za madawati ya shule. Kipimo alizigusa kwa kidole gumba tu.

"Bosi, hizi nyembamba. Mchoro unataka nene. Mashine itachimba tundu pana, ulimi wa mbao utacheza humo kama jino bovu."

"Jaza gundi."

"Basi niruhusu nipunguze tundu kwenye mchoro."

"Uguse mchoro wenye muhuri?" Bosi alicheka. "Mchoro umepitishwa na wakubwa. Mbao nazo zimepitishwa na wakubwa hao hao. Wewe ni mkubwa wa nani?"

"Watakaa watoto, Bosi."

"Mtoto ana uzito gani? Na likivunjika, Kipimo, ujue mashine haikosei. Anayekosea ni anayeiendesha. Mlango wako haujambo?"

Kipimo akajibu kwamba mlango haujambo.

Akachimba matundu mapana, akachomeka ndimi nyembamba, akashindilia gundi na unga wa mbao. Kwenye kingo akabandika vipande ili zionekane nene. Akapiga msasa, akapaka vanishi, madawati yakang'aa kama maharusi. Mpishi wa karakana, mama mwenye mwili wake, akasema ngoja na mimi nionje elimu. Akakaa. Miguu ya dawati ikaachia yote kwa pamoja, akabaki sakafuni na mwiko mkononi. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kipimo hakucheka. Shule iliyongoja madawati hayo ndiyo aliyokuwa akisoma binti yake.

Asubuhi ya kukabidhi madawati alimfunga binti kamba za viatu, akamwita 'mama', kama alivyomwita binti huyo kila alipotaka jambo.

"Mama, leo usikae."

"Mwalimu akiniuliza?"

"Sema una jipu."

"Jipu liko wapi?"

"Pa kukalia. Hapo hakuna atakayetaka kuonyeshwa."

Mtoto akacheka, kisha akaacha. "Na wenzangu, baba?"

Baba akarudia kufunga kamba ambayo ilikwisha fungwa.

Darasani wazazi walijazana madirishani. Watoto walisimama kando ya madawati wakingoja ruhusa. Kipimo aliletwa amevaa aproni yake, apendeze kwenye picha. Mgeni rasmi akaweka kiganja juu ya dawati la mstari wa mbele. Likalia.

"Mbona linatikisika?"

"Sakafu, mheshimiwa," Bosi alidakia. "Sakafu haijanyooka. Fundi mwenyewe huyu hapa. Kipimo! Kaa, mheshimiwa aone."

Kipimo akaenda. Aliinama taratibu, akakunja magoti, akateremka hadi aproni ikafunika benchi, akaishia hapo, hewani. Uzito wote akaubeba kwa mapaja. Mikono akaiweka mezani kama mwanafunzi mwema.

"Imara?"

"Imara, mheshimiwa. Nimekaa kama niko kwangu."

Makofi. Mpiga picha akaomba mara nyingine, sasa atabasamu. Mgeni rasmi akaanza hotuba juu ya mashine na maendeleo, na hotuba ilikuwa na miguu imara kuliko dawati. Jasho likamtoka Kipimo puani, likadondokea vanishi. Mapaja yalitetemeka mpaka aproni ikatetemeka. Bosi alimtazama, akatabasamu, akatazama mlango wa darasa, akamtazama tena.

"Mmejionea wenyewe, wazazi," mgeni rasmi akamaliza. "Haya, watoto, kaeni!"

Watoto wakamtazama fundi aliyekaa mbele yao, wakaanza kukaa. Nyuma dawati moja likalia, na jingine. Aliyebaki wima ni binti yake tu, pembeni yake, na jipu lake. Mtoto aliinama, akafunua ncha ya aproni, akapitisha kiganja kati ya baba na benchi. Kikapita.

"Baba," akauliza, kwa sauti ile ya kusomea darasani, "kwani na wewe una jipu?"