Asante kwa Treni Isiyokuwako

Papa Placide, fundi wa kushona wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, alikuwa na sababu moja tu ya kutaka treni irudi, na sababu hiyo iliitwa Colette. Mbele ya watu alitaja nyingine, tena nyingi. Alitaja uchumi. Alitaja umoja wa nchi. Alitaja samaki. Ungemsikiliza ungedhani mwanaume huyu halali kwa huruma ya samaki, kumbe kilichomnyima usingizi ni kitanda kilichokuwa kipana mno tangu mke wake aondoke.

Colette aliteremka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, kumsaidia binti yao, Adélaïde, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Alipaswa kukaa mwezi mmoja, amkande mzazi, amwogeshe mtoto, kisha arudi Bukavu. Ila wakati wa kuteremka, pale Ngomo, ambapo barabara inajipinda juu ya bonde na mawe yanadondoka yenyewe bila kuulizwa, breki za kamiyo, lori alilopanda, ziligoma. Dereva akalisukumiza gari kwenye ukuta wa mlima. Watu walipona, magunia ya unga yakaenda zake bondeni. Colette akashuka, akafanya ishara ya msalaba, akakaza kitenge, akaendelea na safari kwa miguu pamoja na wanawake wenye mizigo ya mihogo. Alifika Uvira vidole vimechubuka na moyo umekwisha kukata shauri. Akatuma neno kwa mumewe: kamiyo, basi, asiingie tena humo maisha yake yote. Atarudi na treni, vile alivyokwenda kwake mara ya kwanza.

Na ni kweli. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na treni ndogo iliyotoka Uvira, ikakata uwanda wa Ruzizi, ikafika Kamanyola, na hapo ikachoka. Bukavu haikufika hata siku moja. Colette akiwa bibi-arusi alishuka Kamanyola, akamkuta Placide kijana anamngojea na viatu vipya vinavyombana, wakapanda mlima na gari la mapadri. Baadaye, hata kabla ya Uhuru, treni ilisimamishwa, majani yakaota, na mbuzi wakarithi gare, yaani stesheni.

Sasa wewe utauliza: kwa nini asiende tu kumchukua? Kadutu nzima iliuliza hivyo hivyo. Papa Placide alijibu kwamba ana kazi. Ilikuwa miaka ya abacost, tai zimekatazwa, kila mtu mwenye kaofisi kadogo alitaka koti lake lisilo na tai, tena kwa haraka. "Nikiacha mashini siku mbili," alikuwa anasema, "nusu ya wakubwa wa Bukavu watatembea uchi."

Uongo mtupu. Papa Placide aliiogopa Ngomo kuliko mke wake. Tangu asikie habari ya zile breki, kila alipoona kamiyo imepakia kuelekea bondeni, aliinamia mashini mpaka ipite. Na angemwambia nani? Mwanaume anaweza kuogopa radi, akaogopa askari, akaogopa mama mkwe, watu wakamwelewa. Lakini kuogopa barabara ambayo wanawake wanaipita kila juma na mabeseni ya ndagala? Afadhali kudai treni.

Ndipo ikazaliwa Komite ya Treni, siku ya Dominika baada ya misa, mbele ya mlango wa Papa Placide. Yeye alikuwa prezida. Aliyemfuata ni Maman Georgette, muuza samaki, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ziwa. Huyo alitaka treni kweli, maana kamiyo ikilala njiani, samaki wake wanafika wakinuka kabla ya kuonekana. Wa tatu ni Déogratias, mwalimu, tena kiongozi wa chama mtaani. Majina ya kanisa yalikuwa yamekatazwa siku zile, kila mtu kwenye mkutano ni sitwayen, yaani raia, na jina la babu yake, lakini mlango ukifungwa Déogratias alirudi kuwa Déogratias na hakuna aliyepasuka.

Papa Placide alitaka waombe. Waende kwenye ofisi, waseme treni haipo, na sisi raia tunaitaka. Déogratias akamtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika ubaoni bila ruhusa.

"Serikali haiombwi, Papa Placide," akasema. "Inashukuriwa."

Akawaeleza. Ukiomba kitu, umesema hakipo. Ukisema hakipo, umesema kuna mtu hakufanya kazi yake, na mtu huyo ana askari. Lakini ukishukuru, mkubwa anaona haya, anakwenda kukitafuta kile alichoshukuriwa. Je, wamesahau bomba la maji? Wanawake wa Kadutu walicheza na ndoo tupu mbele ya mkubwa mmoja, wakamshukuru kwa maji matamu, na kabla ya mvua kwisha mafundi wakaleta bomba. Wote wakakumbuka, wakaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba bomba ni bomba na treni ni treni.

Bahati ikawachekea. Komiseri mmoja alikuwa anakuja kutoka Kinshasa kutembelea mkoa, na kila mtaa ulitakiwa kuandaa animasio, yaani ngoma za kuisifu nchi na viongozi wake. Komite ikajitupa humo mzima-mzima. Maman Georgette akatunga wimbo: treni imerudi, asante, imetoka Uvira, asante, imejaa samaki, asante. Wanawake wakashikana viuno, wakajipanga mstari mrefu, wakawa wanazunguka uwanja wakipumua puu, puu. Papa Placide alijishonea kofia ya mkuu wa treni, nyeusi, yenye uzi wa njano pembeni, akatafuta filimbi, akashika nafasi ya mbele. Yeye asiyeweza kuingia kamiyo ndiye aliyekuwa kichwa cha treni. Ee Mungu, Kadutu ilicheka mazoezi yale mpaka watu wakashika mbavu.

Siku ya siku, ngoma ilikubali. Komiseri alipiga makofi, akatikisa mguu, akafuta jasho. Mtu wa redio akamsogelea Papa Placide na mikro, akamwuliza hiyo treni anaionaje. Papa Placide akamwona Déogratias kule nyuma anamkonyeza, akavimba chini ya kofia yake.

"Treni imerudi," akasema. "Iko natembea vizuri sana, toka Uvira mpaka Kamanyola. Sisi raia tunashukuru."

Komiseri akainama kumwuliza mshauri wake jambo. Mshauri, ambaye hakujua Kamanyola iko upande gani wa dunia, akaitikia ndiyo. Komiseri akasimama, akasema amefurahi kusikia mambo ya treni yamekwisha, basi yeye ashughulikie mengine. Akaingia gari lake, vumbi likabaki. Jioni redio ikatangaza. Asubuhi ikarudia, na sauti ya Papa Placide ikasikika mpaka kandokando ya Tanganyika.

Komite ilingoja. Ilipoona kimya, ikaenda ofisini kwa adabu kuulizia. Karani aliyewapokea hakuinua hata macho. Treni munayo, akawaambia, mulishukuru wenyewe, redio ilisema. Sasa munataka ya pili? Kuna mikoa haina hata moja. Au munamaanisha Komiseri alisema kitu kisichokuwako? Déogratias akakumbuka ghafla kwamba wanafunzi wake wanamngoja, akatoka wa kwanza, akifuatwa na wengine.

Kuanzia hapo Papa Placide hakupata amani. Waliopita mbele ya duka lake walipumua puu, puu. Wengine waliingia na sura nzito kumwuliza treni ya leo imejaa au kuna nafasi. Mteja mmoja, kupimwa kiuno tu, alitaka kujua kama kichwa cha treni nacho kinapimwa. Papa Placide alicheka nao, kicheko cha mdomoni, akaendelea kukanyaga mashini yake.

Kisha Maman Georgette akarudi kutoka Uvira. Akatua beseni mlangoni, akakaa bila kusalimu, na hakucheka. Hapo Papa Placide akajua kuna neno.

Colette alisikia redio, Maman Georgette akamwambia. Aliisikia ile sauti nyumbani kwa Adélaïde, akafunga nguo zake, akabeba kiti kimoja cha mule ndani, akaenda kukaa kwenye gare ya zamani. Kila siku anakwenda. Anakaa mpaka jua linapozama, anarudi kulala, asubuhi anabeba tena kiti. Watu wanamwambia maman, hapa hakuna treni. Na Maman Georgette akarudia maneno ya Colette kama alivyoyasikia mwenyewe:

"Nilisikia sauti ya bwana yangu. Yeye iko mubishi, lakini hayanidanganya hata siku moja."

Mashini ilisimama. Aibu ilimshika Papa Placide, aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa. Aliona kiti kile, aliona mke wake juu yake, mikono magotini, mbuzi wakimzunguka, na yeye huku anatengeneza kola za watu. Alitamani kulia, na kwa kuwa Maman Georgette alikuwa anamtazama, akatafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake tayari.

"Unateremka tena lini?" akauliza.

Kesho, Maman Georgette akajibu.

"Uniwekee nafasi."

"Na makoti ya wakubwa?"

"Watatembea uchi."

Safari ile, tuipite haraka, kwa heshima yake. Alikaa mbele, kati ya dereva na Maman Georgette. Kufika Nyangezi alikuwa bado mtu. Kufika Ngomo alianza Salamu Maria, kwa sauti kubwa hivi kwamba waliokaa juu ya magunia wakafikiri ni sala ya wote, wakaitikia. Maman Georgette alimwacha amfinye mkono mpaka chini kabisa. Baadaye tu, kwenye uwanda, alipoona damu imerudi usoni mwake, ndipo akasema kwamba yeye anapita hapo kila juma na hajapewa hata medali. Meno ya Papa Placide yalikuwa bado hayajaachana.

Akamkuta kama alivyoambiwa. Gare ilikuwa ukuta na nusu ya paa, nguo za watu zimeanikwa, mbuzi wametulia. Colette alikuwa kivulini, juu ya kiti, amevaa kitenge chake kizuri. Alimwona mumewe anakuja kwa mwendo wa mtu aliyetoka kwenye homa, wala hakusimama.

"Papa Adélaïde."

"Maman Adélaïde."

Colette akachungulia nyuma yake, upande huu, upande ule. "Treni iko wapi?"

Njia nzima Papa Placide alikuwa amepanga maneno. Yalikuwamo ya uchumi na ya umoja wa nchi. Sasa hakuona hata moja. "Hakuna treni," akasema. "Nilidanganya mu redio, mbele ya batu bote."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi mutoto wa hapa. Hii gare inalaza mbuzi tangu zamani. Unafikiri siwezi kutofautisha treni na mbuzi?"

Papa Placide akamwuliza basi alikuwa anangojea nini siku zote hizo. Colette akaonyesha barabara kwa kidevu. Kamiyo zote za kutoka Bukavu zinapita pale kwenda bandarini, na madereva, ukiwapa jambo la kusema, hawalifichi. Mwanamke mmoja anayengojea treni isiyokuwako ni habari. Alijua itapanda Ngomo, itafika Kadutu, itaingia mlangoni kwa fundi fulani.

Papa Placide akavua kofia. Akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake iliyopigwa pasi, kando ya kiti.

"Haikuwa kazi," akasema. "Niliogopa. Tangu niliposikia zile breki, niliogopa. Nikaona heri nitafute treni."

Mbuzi mmoja akaja kunusa kofia ya mumewe, Colette akamfukuza kwa mkono.

"Mimi pia niliogopa," akasema. "Lakini mimi nilisema. Ungesema na wewe, ningetembea kwa miguu yangu, na wewe kwa miguu yako, tungekutana katikati. Sasa umechezesha Bukavu muzima, mujukuu ameota meno mbili haujamuona."

Papa Placide akafuta uso kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza tangu komite izaliwe hakutafuta sababu. Colette akamshika mkono, hakuuachia.

"Na kurudi?" akauliza Papa Placide.

"Tutapanda na miguu. Polepole. Ukiogopa, sema."

Akainuka, akajikung'uta kitenge, akamwambia abebe kiti, maana ni cha Adélaïde na watu wa kwake wanakitaka kwa chakula. Papa Placide akabeba kiti, akamfuata.