Mtani wa Josepha

Tobias alipopata kazi kwenye karakana ya reli mjini Tabora, mkewe Josepha alimfuata kutoka Nyasaland akiwa na sanduku moja na Kiswahili cha kuombea maji. Wao walikuwa Wangoni. Kwao adabu ilikuwa nzito: mgeni husubiri nje mpaka aitwe, na hakuna anayempigia mwenye nyumba kelele uani kwake.

Jirani yao alikuwa Amne, Mnyamwezi mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyeuza maandazi njia ya kwenda stesheni. Siku aliposikia kwamba Josepha ni Mngoni, alipiga kigelegele, akaingia uani moja kwa moja, akafunua chungu na kuchomoa paja la kuku.

"Babu zako walitupora ng'ombe," alisema akitafuna. "Nimewafuata, nimekuta kuku. Basi nimeanza na huyu, mtumwa wangu wewe!"

Josepha alifunika chungu kwa kishindo, akaingia ndani. Kesho yake Tobias akarudi kutoka kazini anacheka.

"Wenzangu wanasema ni utani. Wangoni na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za vita. Nawe mtukane tu."

"Mimi? Nimtukane mtu mzima?"

Tangu hapo Josepha akawa anafunga mlango kwa komeo. Amne akija, Josepha anajifanya amelala. Amne husimama nje, akamtukana kidogo, kisha akaacha maandazi kizingitini na kwenda zake. Josepha aliyala, ila peke yake.

Mwishoni mwa masika mtu wa kwao alishuka kwenye treni na habari: mama yake Josepha amefariki, na kaburi limeshaota majani.

Wanawake wa parokia walikuja wakiongozwa na bibi Tekla, wakaketi mkekani na kusali rozari. Josepha alikaa kati yao macho makavu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mama yake. Walikuwa wanalilia jina tu.

Mara Amne akaingia.

"Kumbe ajuza kafa!" alipaza sauti. "Ametoroka asinilipe ng'ombe wangu!"

Wanawake wakaficha vicheko ndani ya kanga. Josepha akainuka amfukuze, lakini bibi Tekla akamshika mkono.

"Mwache, mwanangu. Ndivyo mtani anavyozika. Asingekuja huyu, ndipo tungejua kwamba hapa huna mtu."

Amne alikwishajifunga kibwebwe. Alifagia ua, akachota maji, akasonga ugali wa watu wote. Alipomaliza aliketi mbele ya Josepha, miguu kainyoosha, na kwa mara ya kwanza akasema polepole.

"Huyo mwizi wa ng'ombe, alikuwa akitembeaje?"

Josepha aliitazama miguu ile iliyonyooshwa.

"Taratibu," alisema. "Goti lilimuuma, ila hakutaka watu wajue."

Amne akaruka, akajitanda kanga, akazunguka ua akichechemea na kufokea kuku. Watu wakacheka. Josepha akatikisa kichwa.

"Hakuwa akichechemea. Likimuuma, alisimama akajifanya anatazama mahindi."

"Nionyeshe. Sisi Wanyamwezi vichwa vyetu vigumu."

Josepha akasimama. Akaweka mkono kiunoni, akapiga hatua, kisha nyingine. Akatulia, akageuza uso kuyatazama mahindi ambayo hayakuwapo, na midomo ikajikunja kama ya mama yake maumivu yanapomjia.

"Shikamoo, mama," alisema Amne, bila mzaha hata chembe.

Josepha alifungua kinywa aitikie kama mama yake angeitikia, na sauti ikakatika. Ndipo kilio kilipomtoka. Amne akampokea kifuani, akaketi naye chini palepale, akimpapasa mgongo na kumnong'oneza matusi madogo madogo kama mtu anayebembeleza mtoto.

Matanga yalipoanuliwa, Josepha alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Amne. Alisimama mlangoni.

"Wewe mpagazi kama babu zako," alianza, uso umemwiva kwa haya, "miguu yako mikubwa... imechakaza njia yote ya kwenda pwani."

Amne alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Unatukana kama mtu anayeomba radhi!" alisema, akimvuta mkono. "Ingia ndani, nikufundishe."