Waranti ya Studebaker

Kila Jumamosi asubuhi wazee wa klabu ya magari ya zamani hukutana kwenye gereji ya Delmar Kluge, hapa mjini South Bend, kunywa kahawa na kutambiana. Sheria ni moja tu: tapeli wa waranti, wale wanaouza kwa simu dhamana hewa za matengenezo ya gari, akimpigia yeyote, simu inawekwa spika, na mwenye simu anamzungusha mpaka tapeli akate mwenyewe. Bingwa ni Ione Pachucki. Aliwahi kumweka tapeli mmoja kwenye simu dakika arobaini, eti anamtafutia namba ya injini ya gari la mwaka 1929.

Jumamosi moja ikalia simu ya Wendell Hruska, mmoja wa wazee hao. Akaitazama namba, akaitambua.

Maana Wendell, jamani, alikuwa ameinunua waranti yenyewe. Ilikuwa Februari, nyonga imevunjika, theluji imeziba mlango, na katika hawa mahodari wa kucheka hakuna hata mmoja aliyekwenda kumjulia hali. Msichana wa waranti akapiga simu, akamuuliza Studebaker yake inaendeleaje. Gari la mwaka 1950, waranti ya nini? Wendell alilijua hilo vizuri. Lakini walizungumza saa nzima, na mwisho akamsomea namba za kadi ya benki. Tangu siku hiyo aibu inamla, na hajamwambia mtu.

"Weka spika, mzee," Delmar akasema. "Au unamwogopa?"

"Nimwogope nani," Wendell akasema, akabonyeza.

"Bwana Hruska, nyonga inaendeleaje?" sauti ikauliza. "Waranti yako ya Studebaker inaisha leo."

Wazee wakatazamana. Kisha Ione akajiziba mdomo, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Huyu mzee ni balaa," akamnong'oneza Delmar. "Kamfanya binti wa watu aamini kwamba kanunua."

Wendell angeweza kusema hapo hapo: nimenunua kweli, nisaidieni. Akawatazama. Walikuwa wanamwangalia kwa namna ambayo hawajamwangalia miaka mingi, na moyo wake, mjinga ule, ukafurahi.

"Tuongeze mwaka mmoja?" msichana akauliza. "Dola elfu mbili, kadi ile ile?"

Delmar, aliyedhani hata kadi yenyewe ni ya uongo, akafuta machozi ya kicheko na kumpungia mkono: endelea, endelea.

"Ile ile," Wendell akasema.

"Asante, babu. Malipo yamepita."

Simu ikakatwa upande wa pili, na gereji nzima ikampigia makofi.